Ufunguo Mmoja kwa Njia ya Kutokea

Nyumba nyingi za Chamazi, Toangoma, Bunju na Mabwepande, pembezoni mwa Dar es Salaam, watu huzihamia kabla hazijaisha. Mwenye nyumba anaingia akiwa na paa, mlango mmoja wa mbao na madirisha yaliyozibwa kwa mabati, kwa sababu kodi ya kule alikopanga imemchosha. Mwaka unaofuata anapata fedha ya grili ya mlango wa mbele. Unapita mwingine, anaweka grili ya jikoni. Baadaye unakuja ukuta, na ukuta unadai geti. Kila kitu kinanunuliwa siku yake, duka lake, kwa fedha iliyopatikana siku hiyo, na kila kitu kinakuja na ufunguo wake. Miaka mitano au sita baadaye mama wa nyumba ana mzigo wa funguo mkononi: wa geti, wa kufuli la grili ya mbele, wa kitasa cha mbele, wa kitasa cha jikoni, wa kufuli la grili ya jikoni, na mmoja ambao hakuna anayekumbuka ni wa nini. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba nyumba ile iwe na funguo sita. Zimejikusanya zenyewe.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo nimelisikia kwa mafundi, kwa majirani na kwa wanandoa wanaobishana mlangoni huku mvua inawanyeshea: kwa nini milango yote ya nyumba isifunguliwe kwa ufunguo mmoja? Wengine wanalikataa papo hapo. Wanasema ni uvivu, ni kumrahisishia mwizi kazi. Mimi naona linastahili kufikiriwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndani yake kuna uhai wa watu. Jibu langu ni hili: milango yote iliyo kwenye njia ya familia kutoka nje, kuanzia chumbani hadi barabarani, iwe na ufunguo mmoja. Mlango wa chumba cha mtu mwingine anayeishi maisha yake, mpangaji kwa mfano, uwe na ufunguo wake, na asiushike mwingine yeyote bila idhini yake.

Hoja kubwa ya wanaokataa ni kupotea. Ukipoteza ufunguo mmoja wa milango yote, wanasema, umepoteza nyumba nzima. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kila ufunguo ungekaa mahali pake. Lakini tazama tunavyoishi. Funguo zote sita ziko kwenye pete moja. Zinaingia pamoja kwenye pochi, zinasahaulika pamoja kwenye daladala la Mbagala, zinafichwa pamoja juu ya mita ya Luku au chini ya ndoo ya uani ili mtoto akitoka shule azikute. Atakayeziokota ameziokota zote. Kinachobaki kwake ni kujaribu upi unaingia wapi, na kwa hilo ana mchana kutwa wakati sisi tuko kazini. Anayeteswa na utofauti wa funguo hizo ni mwenye nyumba, saa mbili usiku, umeme umekatika, mfuko wa unga mkononi na mtoto mgongoni.

Halafu utofauti wenyewe ni mdogo kuliko tunavyoamini. Kufuli na vitasa vya silinda tunavyotumia leo vinafuata kazi ya Mmarekani Linus Yale mdogo, aliyepata hataza yake mwaka 1861. Ndani ya silinda mna vijiti vidogo vinavyosukumwa na springi; ufunguo sahihi huviinua vyote hadi kwenye mstari mmoja na silinda inazunguka. Silinda ya vijiti vitano, kila kijiti kikiwa na vimo sita vinavyowezekana, hutoa kwenye karatasi funguo 7,776 zisizofanana. Kiwandani hazifiki, kwa kuwa mipangilio mingine haifai kutumika. Kufuli la bei ya chini huwa na vijiti vichache zaidi, na mtengenezaji anayebana gharama hujirudia mapema. Vitasa vya milango ya mbao mara nyingi ni vya leva, yaani mabamba membamba yanayoinuliwa na meno ya ufunguo. Kiwango cha Uingereza kinachojulikana sana kwa vitasa vya nyumba, BS 3621, kinataka kitasa kiwe na angalau tofauti 1,000 za ufunguo, na hapo tunazungumzia kitasa bora, kwa kawaida cha leva tano. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni. Hata kama kila nyumba katika manispaa hizo mbili ingefungwa kwa kitasa cha kiwango hicho, yupo mtu mahali fulani, Tandika au Kigogo, ambaye ufunguo wake unafungua kwako.

Fundi mmoja wa Tandika alinionyesha jambo hili kwa vitendo. Alifungua boksi la makufuli madogo ya bei rahisi, akachukua ufunguo wa kufuli moja na kuuingiza kwenye mengine, moja baada ya jingine, mpaka likapatikana lililofunguka. "Mama, haya ni ndugu," akaniambia. Wauzaji wengi wanalijua hili, na wapangaji wa nyumba za Mbagala wanalijua kwa kuwa wamewahi kuazimana funguo siku mmoja wao alipousahau wake kazini.

Wala mwizi wa mitaa yetu haji na ufunguo. Anakuja na mtaimbo. Anakuja na jeki ya gari ya kutanua nondo za dirisha, au mkasi wa chuma wa kukata kikuku cha kufuli. Wale vijana walioitwa Panya Road, waliolifanya jiji lifunge milango mapema mwanzoni mwa Januari 2015 na kisha wakarudi kuvamia nyumba kwa mapanga mwaka 2022, hawakuhangaika na vijiti ndani ya silinda. Walitegemea wingi wao na hofu yetu. Kinachomchelewesha mtu wa namna hiyo ni unene wa kikuku, ubora wa chuma cha pingo, urefu wa skrubu zilizoshika kitasa na uimara wa fremu ya mlango. Fedha inayotawanywa kwenye makufuli matano dhaifu yenye funguo tano ingenunua mawili imara yenye ufunguo mmoja. Nasema hivi kwa mtu anayehesabu shilingi, kwa sababu wengi wetu ndivyo tulivyo.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nilishikilie suala hili.

Tarehe 25 Machi 1911 moto uliwaka katika kiwanda cha nguo cha Triangle, New York. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Kwenye ghorofa ya tisa kulikuwa na mlango wa ngazi upande wa Washington Place, na mlango huo ulikuwa umefungwa. Msimamizi aliyekuwa na ufunguo alikwishatoka kwa njia nyingine. Ni miaka zaidi ya mia moja iliyopita, mbali kabisa na hapa, lakini jambo lile lile limetokea kwa majirani zetu. Machi 1998 wasichana 26 walikufa katika bweni la Shule ya Sekondari ya Bombolulu, pwani ya Kenya. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja ukiwa umepigwa kufuli, na madirisha yenye nondo. Baada ya misiba ya namna hii Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008: milango ya mabweni ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiwe na nondo.

Nyumbani kwetu hakuna mwongozo. Tunalala nyuma ya nondo kila dirisha, grili imepigwa kufuli kwa ndani, kitasa kimezungushwa mara mbili, geti lina kufuli lake. Chaja ya simu iko kwenye soketi usiku kucha, mtungi wa gesi uko jikoni, na umeme ukikatika mshumaa unawashwa. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114 na kila mtoto aijue, lakini gari la zimamoto linalotafuta njia kwenye vichochoro vya Mbagala Kuu au mashimo ya Madale halitafika katika dakika zile za kwanza, na moshi haungoji. Dakika hizo ni za waliomo ndani. Mtu ameamka usingizini, haoni, anakohoa, mtoto analia. Anapapasa mzigo wa funguo sita gizani atafute wa kitasa, kisha wa kufuli la grili, kisha wa geti. Mkono unatetemeka. Ufunguo usio wenyewe unaingia nusu na kukwama.

Mpe mtu huyo ufunguo mmoja. Hana cha kuchagua. Kila anachokigusa kinafunguka kwa hicho hicho kilichomo mkononi, na hata mtoto wa miaka minane anaweza kuambiwa, "Chukua ule pale msumarini, ufungue." Hii ndiyo sababu yangu ya kwanza na kubwa, na hata mwizi angekuwa hayupo duniani ningeitetea vivyo hivyo.

Wazee wa pwani walilijua hili. Mlango wa nakshi wa Bagamoyo au wa Mji Mkongwe, pamoja na uzito wake wote, usiku ulifungwa kwa ndani kwa komeo. Aliye nje alizuiwa na mti mzima uliopita nyuma ya mbao mbili. Aliye ndani alihitaji mikono yake tu. Nyumba za vyumba sita zilizojaa Magomeni, Manzese na Temeke, vyumba vitatu huku na vitatu kule na ukumbi katikati, nazo zilikuwa na komeo mlango wa mbele, na wa mwisho kurudi ndiye aliyelisukuma. Sisi tumelitupa komeo tukaweka kufuli la ndani, kwa sababu grili ina matundu na mkono wa mtu unaweza kupenya. Fundi wa kuchomelea anaweza kulimaliza tatizo hilo kwa bamba la chuma linalofunika komeo upande wa nje. Mwenye kuliweka hahitaji ufunguo wowote kutoka ndani, na hilo ni bora hata kuliko ninachokitetea. Ufunguo mmoja ni kwa ile milango ambayo mwenyewe hayuko tayari kuiacha na komeo tupu.

Nikienda kwenye nyumba ya kupanga, naligeuza jibu langu, na nataka wenye nyumba wanisikie vizuri. Mpangaji wa chumba kimoja Keko au Kinondoni Mkwajuni amenunua kwa kodi yake sehemu moja duniani anayoweza kuifunga. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Haisemi hifadhi hiyo ni ya wenye hati peke yao. Lakini zipo nyumba ambazo baba mwenye nyumba alinunua vitasa vya aina moja kwa bei ya jumla, na mpangaji akagundua siku ya siku kwamba ufunguo wake unafungua chumba cha jirani. Ziko nyingine ambazo mama mwenye nyumba ana nakala ya kila chumba kwenye kabati lake, na huingia "kuangalia tu kama bomba linavuja". Binti anayeishi peke yake hana usingizi katika nyumba kama hiyo. Wapo waliohama kwa sababu hiyo bila kuieleza kwa yeyote, wakaonekana hawatulii mahali pamoja.

Mwenye nyumba ana hoja yake: je, moto ukiwaka mpangaji hayupo? Bomba likipasuka? Nakala ya dharura inaweza kuwapo kwa makubaliano, imefungwa kwenye bahasha iliyosainiwa na mpangaji, ili ikifunguliwa ijulikane. Mtu akihama, kitasa au silinda ibadilishwe kabla mwingine hajaingia. Ni gharama ndogo mbele ya kodi ya miezi sita iliyolipwa kwa mkupuo. Na ule mtindo wa kumpigia mpangaji kufuli kwa sababu ya deni, vitu vyake, vyeti vyake na dawa zake zikiwa ndani, nauchukia waziwazi. Deni lina mjumbe, lina serikali ya mtaa, lina baraza na mahakama.

Mlango wa pamoja na geti la pamoja ni kitu cha tatu. Hapo ufunguo mmoja unashikwa na watu wengi, na kila aliyewahi kuishi pale ameondoka na wake. Katika nyumba za kupanga za kwetu kufuli la geti hubadilishwa likivunjika tu. Kwa miaka mingi ya wapangaji wanaokuja na kuondoka, hesabu ya waliochonga funguo zake haijulikani tena. Mchonga funguo wa Kariakoo au wa kituo cha daladala hakuulizi ufunguo ni wa nani. Unampa, anabana kwenye mashine, anapitisha tupa, unaondoka. Simlaumu, ndiyo riziki yake. Ila mwenye nyumba anayefikiri geti lake limefungwa wakati funguo zake zimeenea mpaka Kibaha anajidanganya.

Mnara wa vyumba vya kupanga unaochipuka Sinza na Mikocheni una mtihani mwingine, wa ufunguo mkuu unaofungua kila mlango, unaokaa kwa msimamizi. Dunia imeona udhaifu wake. Mwaka 2003 mtafiti Matt Blaze wa Marekani alionyesha kwamba mtu mwenye ufunguo wa kawaida wa mlango mmoja kwenye mfumo wa aina hiyo, akiwa na tupa na funguo chache ambazo hazijachongwa, anaweza kuuchonga ufunguo mkuu. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post lilichapisha picha ya funguo kuu za mizigo ya abiria zinazotumiwa na idara ya usalama wa safari za anga ya Marekani; mwaka uliofuata watu walikuwa wakizitoa nakala kwa printa za 3D. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walikuwa wamekwishaonyesha kwamba ufunguo unaweza kuchongwa kutokana na picha iliyopigwa kwa mbali. Nawakumbusha haya ndugu zangu wanaomaliza kujenga na kuweka mtandaoni picha ya kiganja chenye funguo mpya, wakimshukuru Mungu. Shukrani ni wajibu. Piga picha ya nyumba.

Tofauti kati ya hatari hii na ninachokipendekeza ni idadi ya wanaohusika. Ufunguo mkuu unaunganisha watu wasiojuana na kuwaweka wote mikononi mwa mmoja. Ufunguo mmoja wa familia unaunganisha milango ya watu ambao tayari wanakula sufuria moja na kulala chini ya paa moja, na nakala zake zinahesabika kwenye vidole vya mkono. Fremu ya duka iliyo mbele ya nyumba haimo. Stoo ya bidhaa haimo. Chumba cha uani kilichopangishwa hakimo.

Namna ya kufanya ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Funguo nyingi za makufuli ya maduka yetu zina namba iliyogongwa kwenye kichwa. Makufuli mawili ya chapa moja na aina moja yenye namba ile ile kwa kawaida hufunguliwa na ufunguo mmoja, kwa hiyo mwombe muuzaji atafute kwenye katoni na ujaribu pale pale dukani. Pasipopatikana, fundi mwenye ujuzi anaweza kuifungua silinda, kupanga upya vijiti vyake na kuifananisha na ufunguo ulio nao. Kitasa cha leva ni kigumu kidogo, ila silinda ya mlango hubadilishwa kwa bisibisi. Ukifika kwa fundi wa kuchomelea, mwambie pia grili ya dirisha moja la chumbani aitie bawaba badala ya kuichomelea ukutani moja kwa moja, na kufuli lake liwe la ufunguo ule ule. Watoto wanaolala chumba cha nyuma, jikoni kukiwa kati yao na mlango, njia yao ni dirisha hilo.

Nimeliacha mwisho linaloniumiza zaidi. Kila asubuhi katika vitongoji vyetu kuna milango inayofungwa kwa nje watu wakiwa ndani: dada wa kazi na mtoto mchanga, au watoto wawili walioachiwa uji mezani. Wazazi wanaogopa dada asitoke, au mgeni asiingie. Naielewa hofu yao. Mtoto ni wao na mji ni mkali. Lakini dada huyo, mara nyingi binti aliyetoka Singida, Iringa au Tanga, akiona moshi jikoni hana la kufanya ila kupiga kelele dirishani, na jirani atakayekuja atakuta kufuli. Kama mnamwamini kumlisha mtoto wenu, mwaminini na ufunguo. Milango yote ikiwa na ufunguo mmoja, nakala moja ni yake, inaning'inia msumarini ndani, mbali na dirisha ambalo mkono wa mtu wa nje unaweza kufika, na inakaa hapo hapo siku zote.

Kisha jioni moja zimeni taa, fungeni kila kitu kama mnavyofunga usiku, na kila mmoja, kuanzia dada hadi mtoto wa darasa la tatu, atoke chumbani hadi barabarani peke yake kwa ufunguo ule. Kufuli ambalo mkono wa mtoto haulifikii, lishushwe kesho yake asubuhi.